Muziki katika video za harusi za kulipwa: utaratibu kabla ya kuhariri, pamoja na maswali ya wanachama

Kila ukiingia Mfungo Mosi na harusi zikaanza kufululiza, naulizwa swali lile lile: nimelipwa kutengeneza video, mteja anautaka wimbo fulani, je, niuweke? Nimeamua kulijibu mara moja kwa urefu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza ieleweke kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili. Iko haki ya aliyetunga maneno na muziki, na iko haki ya aliyeigharamia ile rekodi unayoisikia. Kuunganisha wimbo na picha kunahitaji ruhusa ya pande zote mbili, na mmoja hamsemei mwenzake. Haki hizo zipo hata kama kazi haikusajiliwa popote. Hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2003 na COSOZA, yaani taasisi yetu ya hakimiliki, na Bara wana sheria ya mwaka 1999 na taasisi yao, COSOTA.

Hatua ya 1. Muulize mteja video itakwenda wapi: kwenye flashi ya familia, YouTube, Instagram, au katika tangazo la kazi zako.

Hatua ya 2. Zijue nyimbo anazozitaka kabla ya siku ya harusi.

Hatua ya 3. Chagua chanzo cha muziki. Ukitaka wimbo wa msanii, mtafute yeye na mwenye rekodi. COSOZA wanaweza kukusaidia kumjua mwenye kazi iliyosajiliwa kwao. Kibali kiwe cha maandishi, kitaje jina la wimbo, harusi yenyewe, mahali video itakapooneshwa, muda na malipo. Ukitumia maktaba za kulipia kama Epidemic Sound au Artlist, soma kama daraja ulilolipia linaruhusu kazi za wateja, kwa sababu madaraja ya bei ndogo mara nyingi ni ya chaneli yako mwenyewe. Muziki wa Creative Commons, yaani leseni za bure ambazo mwenye kazi huzitoa kwa masharti, ukiwa na alama ya NC hauruhusu matumizi ya kibiashara, na ukiwa na alama ya ND hauruhusu kuunganishwa na picha. Kulipia Spotify ni kulipia kusikiliza.

Hatua ya 4 ndiyo inayoharibu kazi za watu, kwa hiyo isomwe taratibu. Unaweza kuwa na leseni safi ya muziki ulioupanga, kisha ukadaiwa kwa wimbo ambao hukuuweka wewe, yaani ule uliokuwa ukipigwa na dijei wakati baba wa bi harusi akitoa nasaha. Maikrofoni ya kamera huchukua vyote viwili, na vikishachanganyika kuvitenganisha ni kazi ngumu ambayo mara nyingi huacha usemi umekwaruzika. Mteja hatakuelewa ukimwambia kwamba maneno ya mzee wake yamezimwa mtandaoni kwa sababu ya spika za ukumbini. Basi mvishe msemaji maikrofoni ndogo ya kifuani yenye kinasa chake, au uchukue waya kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, lakini iwe njia ya maikrofoni peke yake na si mchanganyiko wote, na dijei aombwe mapema anyamaze wakati wa nasaha. Unapohariri, weka usemi, muziki na sauti za ukumbi kwenye mistari tofauti, na uuhifadhi mradi hivyo hivyo hata baada ya kukabidhi, ili wimbo ukidaiwa uweze kubadilishwa bila kugusa maneno ya watu.

Tahadhari: kibali cha ukumbi au cha dijei ni cha kupiga muziki hadharani, hakikuruhusu wewe kuunakili ndani ya video. Tahadhari nyingine ni kurusha harusi moja kwa moja kwa jamaa walioko Oman au Uingereza, kwani hapo huna nafasi ya kuhariri, na matangazo yanaweza kukatwa katikati ya shughuli.

Hatua ya 5. Ipandishe video YouTube ikiwa ya faragha na usubiri ukaguzi wake wa hakimiliki. Kupita ukaguzi si kupata ruhusa.

Hatua ya 6. Leseni na vibali vikae katika folda moja na mradi.

MASWALI

Mpiga video, Darajani: Mimi natumia sekunde 30 tu, tena naandika jina la msanii. Haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Hakuna ruhusa ya sekunde 30, na kutaja jina ni adabu tu.

Mpiga video, Darajani: Mbona wote wanafanya na hawashitakiwi?

Jibu: Somo hili linahusu ruhusa. Rudia hatua ya 3.

Mwanafunzi wa uhariri, Wete: Shikamoo maalim. Kwetu harusi nyingi husomwa maulidi ya Barzanji, na maneno yale ni ya zamani. Nikitumia kisomo cha madrasa nilichokipata mtandaoni kuna tatizo?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Maneno ni ya karne ya 18 na hayana wa kuyadai, lakini kisomo kile ni rekodi mpya yenye wasomaji wake na aliyeigharamia. Warekodi wasomaji wa harusi yenyewe kwa ridhaa ya maandishi ya ustadhi wao. Utapata sauti safi, na familia itafurahi kuwasikia watu wao.

Mwanafunzi wa uhariri, Wete: Na nyimbo za Siti binti Saad, aliyefariki 1950?

Jibu: Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo tangu 1994, unaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Ila mwimbaji si lazima awe ndiye mtunzi. Katika taarab shairi mara nyingi lina mwenyewe, na miaka huhesabiwa tangu kufa kwake yeye. Rekodi alizozitia Bombay kuanzia 1928 nazo huhesabiwa muda wake mbali, na matoleo ya karibuni yaliyosafishwa sauti yanaweza kuwa na wenyewe. Ukishamthibitisha mtunzi, kikundi cha hapa kikupigie upya, nao wakutilie saini.

Mpiga picha, Paje: Mteja wangu mgeni yuko tayari kusaini kwamba lawama zote ni zake.

Jibu: Saini hiyo itakuwezesha wewe kumdai yeye. Haimzuii mwenye wimbo kukudai wewe, kwa sababu hakuwamo katika makubaliano yenu.

Mwanachama, Michenzani: Nimepata dai YouTube. Chaneli itafungwa?

Jibu: Dai la Content ID, yaani mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo wenyewe, si onyo. Huweza kumpelekea mwenye wimbo mapato, au kuizuia video. Onyo huja pale mwenye kazi anapoomba rasmi video iondolewe, na maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Ukiwa na leseni, lipinge dai na uieleze leseni hiyo. Ukiwa huna, badilisha wimbo.

Bi mmoja, Chake Chake: Nje kidogo ya mada, maikrofoni ya kifuani inakwaruza sana kwenye kanzu na buibui.

Jibu: Ahsante bibie, swali hili lina faida kwa wengi. Ibandike kwa plasta ya hospitali upande wa ndani wa nguo, na waya ukunje kitanzi kidogo chini yake usivutike. Katika shughuli za wanawake avishe mwanamke mwenzao, na aulize papo hapo nani ataruhusiwa kuiona video hiyo. Betri ibadilishwe kabla ya nasaha kuanza, hata kama taa bado ni ya kijani.