Jinsi ya Kuhudhuria Maonyesho ya Vyombo vya Sauti ya HIGH END Mjini Vienna

Maonyesho ya HIGH END, yanayoandaliwa na chama cha Kijerumani cha HIGH END SOCIETY, huwakutanisha watengenezaji wa spika, amplifaya, vichezeshi vya santuri na hedifoni kutoka pande nyingi za dunia. Yalianzia Düsseldorf mwaka 1982, baadaye yakapelekwa Frankfurt, na kuanzia 2004 yakafanyika Munich kila mwezi Mei, isipokuwa yalipositishwa wakati wa janga la UVIKO-19. Munich iliyaaga Mei 2025, na makao mapya yakawa Austria Center Vienna, ambako toleo la kwanza lilipangiwa tarehe 4 hadi 7 Juni 2026. Katika miaka ya mwisho ya Munich waonyeshaji walifikia takriban 500 na wageni walizidi 20,000, kwa siku nne tu. Mgeni anayetaka kukaa dakika 20 katika kila chumba hawezi kufikia hata robo ya waonyeshaji hao, na anayejaribu kuwafikia wote huondoka na mfuko uliojaa vipeperushi na kichwa kinachovuma. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi namna ya kuchagua vyumba vichache na kuvisikiliza vizuri.

Kabla ya kuondoka

Angalia kwanza ni siku zipi zimefunguliwa kwa umma. Kwa desturi siku za mwanzo hutengwa kwa ajili ya wafanyabiashara, yaani wauzaji, wasambazaji, wahandisi na waandishi wa habari, na wikiendi huachiwa kila mwenye tiketi. Ukiwa na duka la vyombo vya muziki, studio au kampuni inayofunga mitambo ya sauti, jiandikishe kama mgeni wa biashara na uandae nyaraka za kuthibitisha shughuli yako, kwa sababu siku hizo vyumba vina nafasi na wahandisi wenyewe wana muda wa kuzungumza. Jumamosi mhandisi yuleyule atakuwa amesimama mlangoni akisimamia foleni.

Anayesafiri kwa pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Siku 15 hizo ni kiwango cha chini kabisa, na uchunguzi wa ombi unaweza kufika siku 45, kwa hiyo anayekusudia kwenda mwezi Juni afungue jalada lake mapema, hata mwezi Februari.

Ukishatua uwanja wa ndege wa Vienna, panda treni ya S7 hadi Praterstern, kisha uchukue njia ya chini ya ardhi ya U1 inayoelekea Leopoldau na ushuke kituo cha tatu, Kaisermühlen-VIC. Ukumbi uko hapo hapo, jirani na ofisi za Umoja wa Mataifa. Hoteli si lazima iwe karibu na ukumbi. Yoyote iliyo kando ya njia ya U1 inatosha, na mara nyingi itakuwa nafuu zaidi.

Nyimbo za kubeba

Katika maandalizi yote, hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Waonyeshaji hupiga nyimbo walizozichagua wao, na kwa kawaida ni za aina moja: mwanamke anaimba jazi polepole, nyuma yake kuna dabali besi na piano, na rekodi ni safi mno. Rekodi ya namna hiyo husikika vizuri karibu katika kila chombo, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu chombo unachokisikiliza. Unahitaji muziki unaoujua kwa muda mrefu, uliousikia nyumbani, garini na ukumbini, kiasi kwamba kitu kikipungua au kikizidi unakitambua bila kufikiri.

Kwa msikilizaji wa kwetu, kipimo kizuri kuliko vyote ni taarabu ya Unguja iliyorekodiwa na kundi kamili. Sikiliza kwanza kanuni, yaani kile chombo cha nyuzi nyingi zinazodonolewa. Chombo kizuri huuacha kila uzi usikike peke yake, mdonoo wake na jinsi mlio unavyofifia, hata pale fidla zote na akodiani zinapoingia kwa pamoja. Chombo kibaya huugeuza mlio wa kanuni kuwa mchakacho wa bati. Halafu sikiliza herufi "s" na "sh" katika kinywa cha mwimbaji. Zikichoma sikio, jua kwamba sauti za juu zimekuzwa ili kuvutia mpita njia. Mwisho, sikiliza waitikiaji. Unapaswa kuhisi watu kadhaa waliosimama nyuma ya mwimbaji, kila mmoja mahali pake. Ukisikia sauti moja pana iliyoenea ukutani, kuna jambo halijakaa sawa katika upangaji wa spika au katika chumba. Ongeza wimbo mmoja wa dansi wenye gitaa la besi na tumba, ili ujue kama besi inatembea kwa noti au inanguruma tu, na mwingine wa kwaya.

Beba pia rekodi moja ya zamani isiyo safi, ya enzi za studio za redio. Sehemu kubwa ya muziki tunaoupenda ilirekodiwa hivyo, na mtambo wa mamilioni unaofanya rekodi hizo zisisikilizike, hata kama ni stadi kwa rekodi kumi teule, kwa maoni yangu haufai kuingia nyumbani mwetu.

Weka nyimbo hizo kwenye flashi katika muundo wa FLAC au WAV, kwa ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1. Faili zilizopitia WhatsApp ziache nyumbani, kwa kuwa mara nyingi zimekwisha kukamuliwa. Baadhi ya waonyeshaji hukataa flashi za wageni kwa kuhofia virusi, na wengine mitambo yao hupiga muziki wa mtandaoni pekee, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba nyimbo hizo, au nyingi kati yake, zinapatikana kwenye huduma za mtandaoni za Tidal au Qobuz, na uandike majina ya wasanii na albamu kama yalivyo humo. Jua pia dakika na sekunde ya kipande unachotaka kisikike. Mwonyeshaji mwenye watu thelathini chumbani hatakupa wimbo mzima wa taarabu wa dakika kumi na tano, lakini dakika moja na nusu anaweza kukupa, hasa asubuhi milango inapofunguliwa au saa ya mwisho ya jioni.

Ndani ya chumba

Vyumba vingi hupiga muziki kwa vipindi: mlango hufungwa, mwenyeji hueleza kidogo, nyimbo kadhaa hupigwa, kisha mlango hufunguliwa. Ingia mwanzoni mwa kipindi, zima mlio wa simu, na usitoke katikati ya wimbo. Usiguse chochote, hususan mkono wa kichezeshi cha santuri, kwani sindano iliyo mwisho wake inaweza kuwa na bei ya maelfu ya euro.

Mahali unapoketi ndipo panapoamua unachosikia. Kiti bora ni cha katikati ya safu, iwe ya pili au ya tatu, kilicho mbali sawa na spika zote mbili. Tuseme chumba kina urefu wa mita 5. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la karibu hezi 34 hutoshea humo nusu yake kamili na kusimama baina ya kuta mbili: mgandamizo wake huwa mkubwa kandokando ya kuta na kupungua kabisa katikati ya chumba. Ndiyo maana mtu aliyeketi katikati ya urefu wa chumba hutoka akisema kwamba spika hazina besi, na mwenzake aliyeegemea ukuta wa nyuma hutoka akilalamika kwamba besi imezidi, ilhali wamesikiliza spika zile zile na wimbo ule ule. Kabla ya kuhukumu, hama kiti angalau mara moja. Tofauti inayotoweka ukihama kiti ni ya chumba. Ile inayokufuata kila unapoketi, hiyo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa ya spika.

Jambo la pili ni kiwango cha sauti. Sikio husikia kilicho juu kidogo kuwa ni bora. Tofauti ya desibeli moja mara nyingi haitambuliki kama ongezeko la sauti, bali hujitokeza kama uwazi, uhai, au upana. Mwonyeshaji anapolinganisha amplifaya mbili na ya pili, ya bei kubwa, ikasikika ya kupendeza zaidi, uliza kwa adabu kama zimesawazishwa kwa kipimo. Programu ya simu ya kupima desibeli haina usahihi wa maabara, lakini inatosha kukuonyesha kama chumba kimoja kinapiga kwa 75 na kingine kwa 90. Mtu aliyezoea muziki mnene wa sabufa atavutwa na chumba cha pili kabla hata hajaketi.

Utaona amplifaya za vali, yaani taa za kioo za kukuzia sauti, za aina ya 300B, ambazo kila chaneli hutoa wati 8 hivi, zikiendesha spika za honi zenye ukubwa wa kabati na kujaza chumba kizima bila kutaabika. Siri iko kwenye wepesi wa spika, yaani sauti inayotoa kwa kila wati. Honi nyingi hutoa desibeli 100 au zaidi kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, na spika ndogo nyingi za rafuni hutoa kama 84. Kwa kuwa kila ongezeko la desibeli 3 hudai nguvu maradufu, pengo hilo la desibeli 16 maana yake ni nguvu mara 40 hivi. Amplifaya iliyokuliza machozi kwenye honi inaweza kukosa pumzi kabisa kwenye spika zako. Swali la kumuuliza mwenyeji, kwa hiyo, ni wepesi wa spika hizo na ukinzani wake wa omu, kisha ulinganishe na ulizonazo.

Ukitoka, andika papo hapo, kabla hujaingia mlango unaofuata: majina ya spika, amplifaya na chanzo cha muziki, wimbo, kiti ulichoketi, na sentensi moja ya ulichosikia. "Kanuni ilipotea fidla zilipoingia" ni taarifa itakayokufaa miezi mitatu baadaye. "Sauti tamu" haitakusaidia kitu.

Vyumba sita au saba kwa siku vinatosha. Kiwango cha usalama kazini kinachotumiwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na muda hukatwa nusu kwa kila desibeli 3: saa moja kwa 94, dakika 15 tu kwa 100. Sikio lililochoka hupoteza kwanza uwezo wa kutofautisha mambo madogo, ambayo ndiyo yaliyokuleta. Nyuma ya ukumbi kuna bustani ya Donaupark. Kila baada ya vyumba viwili au vitatu, nenda ukakae huko kimya.

Bei na ununuzi

Uliza kila mara kama bei ya spika ni ya jozi au ya moja, na kama kodi ya VAT, ambayo Austria ni asilimia 20, imo ndani. Usione haya kutafuta eneo la SOUNDS CLEVER, ambalo waandaaji hulitenga kwa mitambo kamili isiyozidi euro 5,000. Humo ndimo ujuzi wa mhandisi unapoonekana, kwa sababu hana fedha za kufichia udhaifu. Kuhusu kebo zenye bei ya kiwanja cha Kigamboni, ombi langu ni moja: zibadilishwe huku umefumba macho, na usiambiwe ipi ni ipi.

Vitu vinavyouzwa kwa urahisi ukumbini ni santuri na vifaa vidogo. Mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya aliyenunua bidhaa za zaidi ya euro 75 katika duka moja anaweza kurudishiwa VAT, mradi apewe fomu na muuzaji, bidhaa zitoke ndani ya miezi mitatu, na forodha wagonge muhuri katika uwanja wa mwisho wa Umoja huo, ambao si lazima uwe Vienna. Santuri na sindano zisafiri nawe ndani ya ndege. Ukifika nyumbani kuna ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya.

Kwa chombo kikubwa, usifunge oda ukumbini. Chukua jina la msambazaji anayehudumia Afrika Mashariki na uulize kama dhamana itatambuliwa katika nchi unakoishi, kwa maana dhamana nyingi haziuvuki mpaka wa nchi ya ununuzi. Thibitisha kwamba toleo utakalopewa ni la volti 230 na hezi 50; kilichotengenezwa kwa soko la Japani ni cha volti 100, na cha Marekani ni 120, navyo huungua mara tu vikichomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam. Umeme wa kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo muulize pia mhandisi amplifaya yake huvumilia volti ngapi juu na chini ya 230, na uandike jibu lake pamoja na namba ya modeli.