Trei za mayai chini ya taa ya nondo

Kwa wanaoorodhesha nondo wa usiku (wale wadudu wanaofanana na vipepeo) hapa Dodoma: usitandike shuka jeupe peke yake, panga na trei tupu za mayai chini ya taa, zile za karatasi. Nondo wakishavutwa na mwanga hutafuta pa kujibana. Wakipata vishimo hivyo hutulia mpaka alfajiri, badala ya kujigongagonga na kupukutisha ule unga wa mabawa, ambao ndio wenye rangi na michoro ya kutambulia spishi. Amka kabla ya jua, geuza trei moja moja, piga picha ukiweka rula pembeni. Akianza kutetemesha mabawa, harakisha: anapasha misuli moto ili aruke. Bawa la nyuma nalo lipige picha, ukisukuma la mbele taratibu kwa unyasi, maana wengi hufanana kwa juu na kutofautiana huko. Mbalamwezi ikiwa kali hutapata wengi. Upepo wetu wa kiangazi nao hubeba trei, zikandamize kwa mawe. Sisimizi wakizigundua utakuta mabawa matupu. Usiku mzuri kupita yote ni baada ya mvua za kwanza, Desemba hivi.