Namna ya kutembelea hamamu ya kale ya Sultan Amir Ahmad mjini Kashan

Mjomba wangu alipokuja Iran kunitazama, wakati ule nikisoma Qom, aliomba jambo moja tu mbali na kuzuru maeneo matakatifu: aione hamamu, yaani bafu la umma, ya Kiajemi. Utotoni mwake alicheza vichochoroni karibu na ile ya Hamamni, Mji Mkongwe wa Unguja, iliyojengwa enzi za Sultan Barghash, na siku zote alitaka kujua zilivyo za huko ulikotoka ufundi huo. Nilimpeleka Kashan, kilomita zipatazo 100 kutoka Qom, na tukapoteza saa tatu kwa sababu ya neno moja. Tangu hapo nimewasindikiza wageni wengine mara kadhaa, kwa utaratibu ninaoueleza hapa.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku na kuandaa fedha

Epuka Tasua na Ashura, yaani tarehe tisa na kumi za Muharram, kwa kuwa majumba ya kumbukumbu hufungwa siku hizo, na ukiweza epuka Ijumaa, ambapo wenyeji wenyewe hutembea na familia zao. Taulo liache nyumbani, kwani hamamu hii sasa ni ya kutazamwa tu na haogi mtu. Kadi za benki za nje hazifanyi kazi Iran, kwa hiyo beba noti, ukikumbuka kwamba watu hutaja bei kwa tomani ilhali noti zimeandikwa kwa rial, na tomani moja ni rial kumi.

Waliopitia madrasa wana mtego wao wa pekee. Tarakimu za Kiajemi zinafanana na za Kiarabu tulizozizoea msahafuni, isipokuwa nne, tano na sita, ambazo huandikwa ۴, ۵ na ۶. Mjomba alisoma bango la bei kwa kujiamini kabisa, akakosea. Bango hilo pia huwa na bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na ya mgeni ndiyo kubwa. Hakuna haja ya kubishana na mkata tiketi.

Hatua ya pili: kufika kwenye hamamu yenyewe

Hapa ndipo tulipopotelea, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Kashan ina hamamu mbili mashuhuri ambazo majina yake yote yanagusana na neno Amir. Ya kwanza ni hii ya Sultan Amir Ahmad, iliyopewa jina la mjukuu wa maimamu aliyezikwa karibu nayo, na iko katikati ya mji wa kale. Ya pili imo ndani ya Bustani ya Fin, kilomita kadhaa nje ya katikati ya mji, na inajulikana kwa sababu ya kifo cha Amir Kabir, waziri mkuu wa Naser al-Din Shah, aliyeuawa humo Januari 1852 kwa amri ya mfalme wake. Kwa Muirani yeyote aliyekwenda shule, ukitaja Kashan, hamamu na Amir katika sentensi moja, kinachomjia kichwani ni Fin.

Mimi nilimwambia dereva wa teksi «hamam-e Amir», nikidhani nimefupisha kwa ustadi. Alituchukua bila kuuliza swali. Tulilipa kiingilio, tukapita kwenye mifereji ya maji na miti mirefu ya misunobari, na mjomba akageuka akaniuliza, «Mwanangu, hii si bustani?» Nilimhakikishia kwamba hamamu imo ndani. Kweli imo, tukaiona, lakini ni ndogo na haina nakshi zile alizoziona kwenye picha. Hata hapo sikukubali kwamba nimekosea. Nilimzungusha bustani nzima nikitafuta «sehemu nyingine ya hamamu». Bustani ya Fin ni nzuri na inastahili siku yake, lakini haikuwa safari yetu.

Kwa hiyo taja jina lote, «Hamam-e Soltan Amir Ahmad», usipunguze hata neno. Kisha ongeza «Khiaban-e Alavi», ambao ni mtaa unaoshukia, na «Khane-ye Tabatabaei», nyumba kubwa ya kale iliyo jirani ambayo kila dereva anaijua. Bora zaidi, andika حمام سلطان امیر احمد kwenye karatasi na umpe dereva aisome mwenyewe. Najua wengi mtategemea ramani ya simu. Mimi siitegemei, kwa kuwa huduma nyingi za nje huzuiwa kwenye intaneti ya Iran, na karatasi haiishiwi chaji. Usiseme «hamamu» peke yake pia, maana dereva mwingine atakupeleka kwenye bafu la kulipia la watu wa kawaida, akidhani umechoka na safari.

Pangilia saa zako ili uwe mlangoni karibu na adhuhuri, na kwa maelewano na dereva kumbuka mambo mawili: Iran iko mbele ya Afrika Mashariki kwa nusu saa, na saa nane ya Waajemi ni saa mbili yetu ya asubuhi au ya usiku. Adhuhuri naisisitiza kwa sababu mwanga wote wa ndani hutoka juu, kwenye vioo vilivyopachikwa katika kuba. Sisi tulifika jua limeinama, kumbi zimeanza kufifia.

Hatua ya tatu: kupita ndani kwa mpangilio wa muogaji

Hamamu ilijengwa karne ya 16, enzi za wafalme wa ukoo wa Wasafawi, ikaharibiwa na tetemeko la ardhi la 1778, ikatengenezwa upya enzi za ukoo wa Waqajari. Hamamu za namna hii hujengwa chini ya usawa wa kichochoro, ili maji yaingie kwa mteremko na joto lisipotee.

Ukumbi wa kwanza ni sarbine, wenye pembe nane, nguzo nane na birika katikati lenye pembe nane pia. Hapa mtu alivua nguo, akajifunga long, kitambaa kinachovaliwa kama kikoi, na baada ya kuoga alirudi kupumzika na kuzungumza. Kaa kwenye kibaraza, uinue macho. Kuanzia hapo ujia hupinda kabla ya kufika garmkhane, ukumbi wa joto, na kupinda huko ndiko kulikozuia mvuke usitoke na macho ya watu yasiingie. Ndani ya garmkhane tafuta khazine, tangi la maji ya moto lililochochewa kutoka chini, na ukumbuke kwamba moshi na hewa ya moto vilipitishwa kwenye njia zilizofichwa chini ya sakafu. Hapo dallak, mtumishi wa hamamu, alimsugua mteja kwa kise, mfuko mgumu wa mkononi, pamoja na sefidab, kitu ambacho wanawake wa pwani wangekifananisha na singo. Bibi harusi aliletwa kuoshwa, na mwanamke aliyetoka kujifungua pia alikuwa na siku zake za hamamu.

Wapo wanaopendelea Ganjali Khan ya Kerman, ya 1611, kwa sababu imejazwa sanamu za nta zinazoonyesha waogaji. Mimi sanamu zinanikera, maana mgeni huishia kuzipiga picha na kusahau jengo.

Hatua ya nne: darini

Panda ngazi hadi juu ya paa hata kama umechoka. Utakuta kuba nyingi za rangi ya udongo zilizochomoza vioo vya duara vilivyovimba, na ng'ambo yake minara ya misikiti na minara ya kunasa upepo ya mji. Usikanyage wala kukalia kuba. Mjomba alisimama hatua mbili kutoka kioo kimoja, akahesabu kwa kidole hadi akajua kipi kiko juu ya birika. Ukishuka, nyumba ya Tabatabaei ni mwendo mfupi kwa miguu, na huna haja ya teksi.