Historia ya Oman isianze 1970
Kosa la kawaida ni kuanza na tarehe 23 Julai 1970, Qaboos alipompindua baba yake, Sultani Said bin Taimur, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa giza tupu. Mafuta yalianza kuuzwa nje 1967, baba angali madarakani. Ukiuruka mwaka huo wa 1967, msomaji hatajua fedha za barabara na shule zilitoka wapi. Rudi nyuma hadi Mkataba wa Seeb wa 1920 kati ya Sultani wa Maskati na watu wa bara, uliowaachia hao wa bara, chini ya Imamu (kiongozi wao wa dini na utawala), mambo yao ya ndani. Ndipo jina la zamani, "Maskati na Oman", litaeleweka.

Vita vya Dhofar navyo, vya jimbo la kusini dhidi ya Sultani, usivisimulie kwa faili za Waingereza waliomsaidia Sultani peke yake, maana humo wapiganaji ni "waasi" tu. Soma na matamko yao wenyewe. Waomani waliotoka Zanzibar? Wahoji kwa Kiswahili.