Namna ya kumwelekeza mhasibu, mtunza stoo na fundi wa shule akiwa kazini

Katika shule nyingi walimu hupata semina, lakini anayeandika vitabu vya fedha, anayepokea magunia stoo na anayepanda paa kuziba tundu huachwa wajifunze kwa kukosea. Hata wakipelekwa semina, hurudi na cheti na daftari lililojaa maandishi, kisha Jumatatu leja inaandikwa vilevile. Si uvivu. Chumba cha semina hakina leja ile, wala pampu ile, wala mkuu wa shule anayegonga mlango akitaka hundi isainiwe sasa hivi.

Uelekezi wa kazini huziba pengo hilo. Mtu anayeijua kazi hukaa kando ya mwenzake mbele ya kitu chenyewe, akamsaidia kuona kinachomkwamisha na kupanga hatua, kisha hurudi baada ya siku kadhaa kuona imekuwaje. Mwongozo huu ni wa huyo anayeelekeza.

Makubaliano kabla ya kikao cha kwanza

Kaeni watatu kwa nusu saa: mkuu wa shule, mfanyakazi na wewe. Andikeni ukurasa mmoja wenye mambo manne: lengo, tarehe za vikao, nini kitabaki siri, na shule itatoa nini (muda, vifaa, ruhusa). Vikao sita vya dakika 50, kimoja kila wiki mbili, ni kipimo kizuri. Kwa mhasibu muda huo unagusa miezi miwili hadi mitatu ya kufunga hesabu, na kitu kinachofanywa mara moja kwa mwezi hakiwezi kuzoeleka kwa muda mfupi kuliko huo.

Tarehe zina uzito wake. Mhasibu usimwendee wiki ya kufungua shule, foleni ya ada ikiwa mlangoni, wala siku za mwisho wa mwezi. Fundi mwendee asubuhi mapema kabla hajaanza kuitwa huku na huku. Kazi ikihitaji kuzima maji au umeme, iwe siku ambayo wanafunzi hawapo.

Lengo liwe moja, tena linaloonekana kwa macho. “Kuboresha utunzaji wa fedha” halimsaidii mtu. “Usuluhisho wa benki (kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki) uwe umesainiwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata” linasaidia, kwa sababu tarehe 8 yeyote anaweza kufungua faili akaona.

Kuhusu siri, semeni mapema na waziwazi: yanayosemwa kikaoni hayafiki kwa mkuu, isipokuwa hatari kwa usalama wa watu na dalili za wizi. Ndiyo maana msimamizi wa moja kwa moja hafai kuwa mwelekezi. Hakuna mhasibu atakayemwambia anayejaza fomu yake ya tathmini kwamba usuluhisho wa miezi miwili iliyopita haukufanyika. Shule ikiwa ndogo na hakuna mtu mwingine, badilishaneni na shule jirani: mhasibu wao aje kwenu, wenu aende kwao.

Saa moja ya kutazama tu

Kabla ya kikao cha kwanza tazama kazi ikifanyika, bila kusahihisha. Chukua daftari uandike muda na kitendo: saa 3:10 amefungua leja, 3:14 ameitwa kutoa funguo, 3:31 amerudi, 3:33 mzazi amekuja na risiti. Kwa fundi, chagua ombi moja la ukarabati ulifuate tangu lilipotolewa hadi lilipofungwa. Mara nyingi utakuta bomba lenyewe lilichukua dakika 20, ila kutafuta funguo za chumba na kusubiri vifaa kulichukua siku sita.

Saa hii huamua kama uelekezi unafaa kabisa. Jiulize: mtu huyu angepewa muda, vifaa na mamlaka leo hii, angeifanya kazi? Jibu likiwa ndiyo, tatizo halimo ndani yake, na mpelekee mkuu wa shule orodha ya vinavyokosekana. Kumwelekeza mtunza stoo ambaye funguo za stoo wanazo watu wanne ni kumwonea.

Kikao cha dakika 50

Kifanyieni penye kazi: mezani, stoo, chumba cha pampu. Dakika 5 za kwanza ni za ahadi ya kikao kilichopita, ilitimia au la, na nini kilitokea. Dakika 10 zinazofuata mtu aeleze tatizo la leo kwa maneno yake. Kisha dakika 20 mikono iwe kwenye kitu chenyewe, dakika 10 za kutafuta njia zaidi ya moja, na 5 za kuandika hatua ijayo: nini, siku gani, nani atahitajika. Aandike yeye. Asiyezoea kuandika achore, au atie alama kwenye kalenda ya ukutani.

Swali la “kwa nini hukufanya?” humfanya mtu ajitetee. Uliza “nini kilikuzuia?” au “nionyeshe ulipoishia.” Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Waelekezi wengi hurukia kujibu swali lao wenyewe ndani ya sekunde tatu, na hapo mwenzao anajifunza kusubiri jibu. Umri nao ni wa kuzingatia. Fundi aliyekuzidi miaka 20 muite mzee au fundi, mwombe akuonyeshe kwanza anavyofanya, na usimkosoe mbele ya vijana wake.

Kosa kubwa la mwelekezi ni kuchukua kalamu au spana. Mikono yako ikishafanya kazi, kikao kimekwisha hata kama saa haijafika.

Mezani: benki na kitabu havikubaliani

Tuseme mhasibu amekwama. Kitabu cha fedha kinaonyesha salio la 4,820,000, taarifa ya benki 5,135,000. Ameshazikodolea macho tarakimu hizo siku mbili. Usimwonyeshe kosa. Mwombe aweke taarifa ya benki kushoto na kitabu kulia, atie alama ya penseli kwenye kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili. Visivyo na alama ndiyo kazi iliyobaki.

Sasa uliza: “Kisicho na alama upande wa kitabu, benki ingekijuaje?” Atapata hundi za 400,000 ambazo wauzaji hawajazipeleka benki, na 60,000 zilizowekwa siku ya mwisho zikaingia kesho yake. 5,135,000 toa 400,000 ongeza 60,000 ni 4,795,000. Kisha geuza swali: “Kisicho na alama upande wa benki, wewe ungekijuaje?” Atakuta makato ya benki ya 25,000 ambayo hakuyaandika. 4,820,000 toa 25,000 ni 4,795,000. Pande mbili zimekutana, na aliyezikutanisha ni yeye.

Zisipokutana, mfundishe majaribio mawili kabla hajaanza kurudia yote. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, huenda tarakimu mbili zimepishana (54,000 ikaandikwa 45,000, tofauti 9,000) au sifuri imeongezwa au kupunguzwa. Tofauti ikigawanyika kwa 2, atafute kiasi cha nusu yake: pengine kimeandikwa upande usio wake, mapato yakawa matumizi. Majaribio haya hayathibitishi kosa, yanaonyesha pa kuchungulia kwanza.

Katika vikao vinavyofuata gusa malipo. Kabla hundi haijaandikwa, karatasi tatu zilale pamoja: hati ya kuagizia, hati ya kupokelea mali na ankara. Bidhaa, idadi na bei zilingane zote tatu. Anayeagiza, anayepokea na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Shule ikiwa na watu wawili tu ofisini, mkuu achukue hatua mojawapo. Hilo mhasibu hawezi kulirekebisha peke yake, kwa hiyo liingie kwenye ukurasa wa makubaliano.

Chumba cha pampu

Fundi anabadilisha kapasita ya pampu, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme ili kuisaidia motor kuanza. Kazi yake ni safi na pampu inawaka. Hapa ndipo uelekezi unapoanza.

“Fundi, hii ni ya ngapi muhula huu?”

“Ya tatu.”

“Kabla haijaungua, pampu ilikuwa inajiwasha mara ngapi kwa saa?”

Huenda hajui, na hiyo ndiyo hatua ya wiki: ahesabu kwa nusu saa, bomba moja likiwa wazi. Akikuta inawaka na kuzima kila dakika, motor inachoshwa na kuanza, na kapasita ndiyo inayolipia. Muulize aorodheshe vinavyoweza kusababisha hali hiyo. Kimojawapo ni tangi la presha lililopoteza hewa, na hicho anaweza kukipima mwenyewe: azime umeme, amwage maji yote ya tangi, apime hewa kwa geji ya tairi. Ikiwa swichi imewekwa kuwasha kwenye psi 30 (psi ni kipimo cha presha) na kuzima kwenye 50, hewa ya tangi tupu iwe karibu psi 28, yaani 2 chini ya pale pampu inapowaka. Akipima bila kumwaga maji, geji itasoma presha ya maji naye atadhani tangi ni zima. Maji yakitoka kwenye valvu ya hewa, mpira wa ndani umepasuka na kujaza upepo hakutasaidia.

Kuanzia hapo daftari la maombi ya ukarabati linapata maana. Liwe na safu za tarehe, mahali, tatizo, aliyeripoti, uharaka, vifaa vilivyotumika na tarehe ya kufungwa. Uharaka uwe wa ngazi tatu tu: leo hii (waya wazi, harufu ya gesi, mlango wa dharura uliozibwa), ndani ya siku tatu, ndani ya mwezi. Zikiwa tano, kila kitu kitaishia kuwa cha tatu.

Pale ambapo huulizi

Kuuliza kuna mpaka wake, nao ni usalama. Mtu akiwa karibu kuumia, mwambie moja kwa moja, mwonyeshe, kisha arudie mbele yako.

Kapasita hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Itolewe chaji kwa kifaa chenye rezista (kizuizi cha mkondo wa umeme) kabla ya kuguswa. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwa anayefanya kazi. Ngazi ya kuegemea: kwa kila mita 4 kwenda juu, kitako kiwe mita 1 kutoka ukutani, na ncha ipite ukingo wa paa kwa mita 1.

Kwa wahudumu wa usafi, klorini ya maji isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, maana hutoa gesi yenye sumu. Kipimo chake ni hesabu rahisi: gawa nguvu ya chupa kwa nguvu unayotaka, toa moja, hizo ndizo sehemu za maji. Chupa ya asilimia 5 kupata asilimia 0.1 ni sehemu 1 kwa 49. Ndoo ya lita 20 inachukua mililita 400 za dawa na lita 19.6 za maji. Tieni alama ya utepe kwenye kikombe na kwenye ndoo ili kipimo kisitegemee kusoma. Mahali paoshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huila klorini, na mchanganyiko utumike siku hiyohiyo kwani nguvu yake hupungua.

Stoo, kwa ufupi

Kila wiki mbili mtunza stoo ahesabu bidhaa kumi: tano achague kwenye kadi za stoo (zinazoandika kinachoingia na kutoka) aende rafuni, tano achague rafuni arudi kwenye kadi. Njia ya kwanza hufichua kilichoandikwa lakini hakipo, ya pili kilichopo lakini hakikuandikwa. Wengi hufanya ya kwanza tu, na mali iliyopokelewa bila hati haionekani kamwe. Vyakula vinavyokaribia kuisha muda vitoke kwanza, hata kama vimeingia mwisho.

Uelekezi unapokwama

Mkuu akianza kukuuliza “anaendeleaje yule?”, jibu lako ni lilelile: lengo limefikiwa hadi hapa, mengine muulize mwenyewe. Ukiteleza mara moja, kikao kinachofuata utaambiwa kila kitu ni kizuri.

Ahadi ileile ikikwama mara mbili mfululizo, usiirudie mara ya tatu. Ikateni. Badala ya “nitapanga faili zote,” iwe “nitapanga risiti za mwezi huu, Alhamisi, saa 8 hadi saa 9.”

Ukikuta namba za risiti zimeruka, nakala za fotokopi mahali pa hati halisi, au mtu asiyekubali kamwe mwingine akae kwenye kiti chake hata siku moja ya likizo, simamisha vikao na ufuate makubaliano. Kila dalili inaweza kuwa na maelezo ya kawaida, lakini anayestahili kuyapima ni mkaguzi. Usijaribu kuchunguza kwa kujificha nyuma ya uelekezi.

Kupima, na kujiondoa

Siku ya kwanza andika tarakimu nne: usuluhisho huchukua siku ngapi baada ya mwezi kuisha, maombi mangapi ya ukarabati yamepita siku 14, vitu vingapi vimeharibika tena ndani ya siku 30 baada ya kutengenezwa, na bidhaa ngapi kati ya kumi hazikulingana stoo. Chukua ile inayohusu lengo la mtu wako, uisome tena kila kikao pamoja naye. Maombi yanaweza kuongezeka mwanzoni kwa sababu watu wameanza kuliamini daftari. Mweleze fundi hivyo mapema asivunjike moyo.

Kikao cha tano, fundi amfundishe msaidizi wake, au mhasibu amfundishe karani, wewe ukikaa nyuma. Kinachomshinda kueleza hapo ndicho cha kikao cha sita. Baada ya hapo usipige simu wala usipite kusalimia kazini kwake. Siku 60 baadaye rudi mara moja, fungua faili, soma daftari, hesabu zile bidhaa kumi, na tarakimu utakazopata muachie yeye azipeleke kwa mkuu.