Namna ya Kujifunza Aina za Maneno ya Kiingereza

Wanafunzi wengi huanza somo hili kwa kukariri fasili: nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, kitenzi ni neno la kutenda, na kuendelea hadi aina zote nane zitimie. Fasili hizo si makosa, ila hazimsaidii sana mtu anapolikuta neno ndani ya sentensi, kwa kuwa neno la Kiingereza mara nyingi halibebi alama ya aina yake. Sisi tumezoea viambishi: tukiona "wanasoma" au "wazuri" hatuna shaka ni aina gani. Katika Kiingereza, aghalabu nafasi ya neno ndiyo inayoamua, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tazama neno "water". Katika "The water is cold" ni nomino, kwani limetanguliwa na "the" na ndilo kiima, yaani linalozungumziwa na sentensi. Katika "They water the garden" ni kitenzi, kwani limefuata kiima "they" na lina yambwa yake, yaani kinachotendwa, "the garden". Neno "round" limezidi: ni kivumishi katika "a round table", nomino katika "the second round", kihusishi (neno linaloonyesha uhusiano, kama wa mahali) katika "round the corner", kielezi katika "turn round", na kitenzi katika agizo la hesabu "Round your answer". Kwa hiyo usikariri kamwe neno peke yake. Likariri pamoja na sentensi yake.

Nashauri utafute kitenzi kwanza. Ihamishe sentensi kutoka leo hadi jana, kisha uangalie ni neno gani limebadilika: "She walks to the big market" huwa "She walked to the big market", na neno lililoguswa ndilo kitenzi. Ukishalipata, uliza ni nani aliyetenda, nawe utapata nomino au kiwakilishi. Kivumishi kwa kawaida hukaa kabla ya nomino na hakina wingi: tunasema "mtoto mwema" na "watoto wema", lakini ni "good child" na "good children".

Vielezi vingi huishia na "-ly", lakini usiitegemee mno alama hiyo, kwa sababu "friendly" na "lonely" ni vivumishi, ilhali "fast" huwa kielezi bila kuongezewa chochote. Kuwa makini hasa na "hard": "He works hard" maana yake anafanya kazi kwa bidii, na "He hardly works" maana yake ni kwamba karibu hafanyi kazi kabisa.

Vihusishi ndivyo vinavyotutesa zaidi, na sababu yake ni ya kisarufi. Kazi ambayo Kiingereza hukipa kihusishi, Kiswahili mara nyingi huificha ndani ya neno lingine. "Alimpikia mama" lina kiambishi "-i-" ndani ya kitenzi, lakini Kiingereza kinadai neno la pekee: "She cooked for her mother". Vivyo hivyo, "mezani" inatulazimu kuchagua kati ya "on the table" na "at the table", kutegemea kama tunazungumzia sahani au watu walioketi kula. Kwa kuwa hakuna kanuni moja inayotosheleza, jifunze kihusishi pamoja na kitenzi chake, kama vile "listen to" na "depend on", na uviwekee alama vitenzi visivyohitaji kihusishi, mathalani "discuss", ambacho wengi hukiongezea "about" bila sababu.

Kwa mazoezi, chukua aya fupi ya gazeti la Kiingereza na uandike aina ya kila neno juu yake kwa penseli. Kamusi ifunguliwe baadaye, kwa maneno uliyoyatilia shaka tu. Ikiwa imetaja aina zaidi ya moja, soma mifano yake na uchague ule ambao neno limekaa katika nafasi ileile liliyonayo kwenye aya yako.