Kuwinda kwa Bunduki: Mwongozo kwa Anayeanza

Hatua ya kwanza ni kibali. Hakikisha una leseni ya silaha pamoja na kibali kinachoeleza mnyama gani unaruhusiwa kuwinda, wapi na katika msimu upi, kwani bila hivyo wewe ni jangili tu.

Hatua ya pili ni kuizoea silaha. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, elekeza mtutu mahali salama, na usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka umekwisha kuamua kupiga. Kwa kuwa risasi ya bunduki kubwa huweza kufika zaidi ya kilomita 3, mnyama aliyesimama juu ya kilima, na nyuma yake hakuna ila anga, huachwa aende zake. Jizoeze shabaha ya mita 100 ukiwa umeketi na ukiwa umepiga goti, maana porini hakuna meza ya kuegemea.

Hatua ya tatu, ambayo wanaoanza huipuuza huku wakihangaikia nguo za mabaka, ni upepo. Mnyama mwenye kwato huweza kukuona ukiwa umetulia asikujali, lakini akishainusa harufu yako hasubiri. Beba majivu laini katika kifuko cha kitambaa, ukitikise kila baada ya mwendo mfupi, na unyatie pale tu vumbi linapokurudia usoni. Penye miteremko, hewa ya alfajiri hushuka bondeni na jua likipanda hupanda nayo. Kwa hiyo asubuhi na mapema mwendee mnyama kutoka chini, na baadaye kutoka juu.

Hatua ya nne ni kupiga. Subiri akupe ubavu, kisha lenga nyuma kidogo tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini, mahali penye moyo na mapafu. Achana na kichwa: ni kidogo na hakitulii.

Hatua ya tano ndiyo inayompambanua mwindaji na mpiga risasi. Usikimbie kumfuata. Kumbuka aliposimama, weka alama, kisha chunguza damu: nyekundu ya kung'aa yenye povu hutoka kwenye mapafu, nyeusinyeusi mara nyingi hutoka kwenye ini, na iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa hutoka tumboni. Aliyepigwa mapafu mpe nusu saa. Aliyepigwa tumbo mpe saa 6 au zaidi, kwa sababu akisumbuliwa mapema ataamka na kwenda mbali, na huenda usimpate tena. Ukimkuta amelala, mkaribie kwa nyuma na umguse jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, bado yu hai na anahitaji risasi nyingine.

Akishakufa, mpasue na kumtoa matumbo papo hapo bila kuyatoboa, kisha mtanue mbavu kwa kijiti ili hewa ipite, kwani joto linalobaki ndani huharibu nyama upesi.